Vonu Anakunywa Upepo

Koroivau, Sigatoka
5 Mei 1985

Eparama wangu,

Sasa hivi binti yako ameketi mkekani, ameshika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili kama usukani, akafanya brrrr, brr-brr, brrrr, br, br. Halafu akanyamaza, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kifuniko. Mama yako amecheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya sulu aliyojifunga kiunoni. Mimi nimecheka pia, halafu nikaona huruma. Losalini ana mwaka mmoja tu na tayari anaamini kila gari duniani mwisho wake ni kufa.

Anamwiga Vonu. Marehemu baba yako hakukosea kuliita gari lile Vonu, yaani kasa, maana ni la kijani na mwendo wake wa pole. Ila siku hizi tatizo si mwendo. Ukimwasha asubuhi anaitika vizuri. Akishapata moto, ukiondoa mguu kwenye mafuta, mlio unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, mwili mzima unatetemeka kama mwenye homa, halafu kimya. Akiwa mwendoni hana neno. Kusimama ndiko kunakomshinda. Pabaya kuliko pote ni pale kwenye daraja jembamba, unapowangoja wa upande wa pili wapite. Wao wakishapita, wewe huna gari.

Usidhani nimezembea. Ulisema awashwe kila Jumamosi betri isife, na anawashwa. Niambie tu nifanye nini, nami nitafanya. Hapa tumeshindwa, lakini sijakata tamaa.

Mama anasema uvae soksi. Nimemwambia Lebanoni sasa kunaanza joto, akasema soksi ni soksi.

Mkeo,
Torika


Lebanoni
24 Mei 1985

Torika mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano niliwasomea wenzangu habari ya kifuniko, na sasa hapa kambini kwa walinda amani lori likigoma kuwaka watu wazima wanainamisha vichwa wote pamoja. Kapteni aliuliza tuna ugonjwa gani. Tukamwambia ni wa Losalini.

Vonu ana uchafu kwenye kabureta, hilo halina ubishi. Toa plagi zote nne, zisugue kwa brashi. Kisha ubavuni mwa kabureta utaona skrubu ndogo yenye springi. Izungushe nusu mzunguko kwenda kulia, mlio utapanda na hatazima. Mwambie Nemani, kaka yako, akusaidie Jumamosi akirudi kutoka kiwanda cha sukari. Yeye ni fundi, mimi nilikuwa mpitishaji spana tu wa baba.

Na swali moja dogo. Umeandika daraja. Uwanja wa mama ninavyoukumbuka una kuku, una mbwa, una kamba ya nguo. Daraja lilijengwa lini?

Sasa neno gumu. Baba mkubwa Sekove ameniandikia, amefanya kerekere. Anasema gari la marehemu mdogo wake linaota majani, basi analiomba, injini imvutie maji shambani na viti avikalie barazani kwake. Kerekere unaijua. Mzee akikuomba kitu ulicho nacho, utamfumbia mkono na jua la kesho utaliangalia kwa macho gani? Lakini mila yenyewe ina mlango wa nyuma: kitu kinachotumika hakiombwi. Nikamjibu hivi. Siku nitakayotua Nadi, Vonu akiwa anatembea, ni wetu. Akiwa amelala, ni wa kwake.

Natua Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Usihuzunike, gari ni chuma tu.

Mumeo,
Eparama

Soksi ninazo.


Koroivau
15 Juni 1985

Eparama,

Gari ni chuma tu, umeandika. Maneno hayo nimeyasoma Losalini akiwa mgongoni, ndipo nikaona bora nikuambie nilichokuficha.

Mwezi wa tatu alipata homa. Nilikuandikia kwamba alikohoa kidogo. Hakukohoa kidogo. Alikuwa anawaka. Nilisimama barabarani toka jua linachomoza hadi likanichoma kichwani, hakuna basi, mpaka lori la mbao likanihurumia. Alipewa dawa, akapona, sasa anakula muhogo kama askari. Lakini niliporudi nilimwona Vonu pale uwanjani amekaa na magurudumu yake manne, nikasema, wewe na mimi tutajuana.

Aliyenifundisha ni mama yako. Ndiyo, hajashika usukani hata siku moja. Lakini ameketi kiti cha kushoto cha baba yako miaka kumi na tisa na anajua kila kosa la dereva. "Klachi, mwanangu. Klachi. Baba yake Eparama alikuwa anasahau hapohapo." Tumefanyia mazoezi njia ya mashamba ya miwa, yeye anaomba kwa sauti, Losalini anapiga makofi. Leseni ninayo tangu mwezi wa nne. Kwenye picha nimetoka kama mwizi wa kuku. Basi daraja lilijengwa hivyo.

Sasa habari za ugonjwa. Nemani alikuja Jumamosi iliyopita, na wewe shida unaijua. Angekuwa shemeji au binamu wa kutaniana naye ningemweleza yote kwa dakika moja. Lakini ni mtoto wa mama mdogo, ni kaka yangu, na kwa mila kaka hasemeshwi na dada. Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Basi tulimkalisha Losalini katikati, juu ya gurudumu la akiba, akawa mkalimani wetu. Nemani kichwa ndani ya boneti, mimi nimegeuka upande wa kamba ya nguo.

"Losalini, muulize mama yako, linazima likiwa baridi au likiwa moto?"

"Losalini, mwambie mjomba, likiwa moto."

"Ba," akasema Losalini.

"Asante. Muulize tena, plagi amezisugua au amezilamba?"

"Mwambie mjomba nimezisugua mpaka kucha zimekatika."

Akazungusha skrubu yako nusu mzunguko. Eparama, Vonu alipiga kelele kama nguruwe aliyesikia kuna harusi. Na bado mlio ulipanda na kushuka, ila sasa ulipanda na kushuka kule juu.

"Losalini, muulize mama yako, habari ya skrubu ilitoka kwa nani?"

"Mwambie mjomba, kwa baba yako."

"Basi mwambie baba yako abaki na bunduki."

Akairudisha skrubu ilipokuwa. Mimi nilikuwa na jambo kubwa la kumwambia, maana nimeliona mwenyewe: Vonu akiwa moto anatetemeka, nikivuta choki kidogo tu, anatulia. Nikiirudisha, anaanza tena. Nilifungua mdomo nimwambie Losalini, kumbe Losalini amelala, shavu juu ya mpira wa gurudumu. Tukakosa mkalimani. Nemani alingoja, akakohoa, akapangusa mikono, akangoja tena. Mwisho akauambia mlango wa gari kwamba atarudi Jumamosi akipata nafasi, akaondoka. Leo ni Jumamosi, na ametuma habari kwamba kiwandani wamewazuia, msimu wa miwa umeanza.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Choki. Na jambo jingine dogo, breki imekuwa ngumu, kama kukanyaga jiwe. Nadhani ni udhaifu wa mguu wangu.

Hii naiandikia juu ya boneti injini ikiwaka, ndiyo maana mwandiko unaruka kama panzi. Tazama neno "boneti" lilivyovunjika. Ndivyo anavyotetemeka.

Baba mkubwa Sekove amepita mara mbili wiki hii. Haombi kitu. Anazunguka gari polepole, anabonyeza viti kwa kidole kama mtu anayenunua papai. Barazani kwake ameshafagia mahali.

Simtaki Vonu kwa sababu ni mzuri. Namtaka kwa sababu ya ile asubuhi ya homa.

Torika


Lebanoni
29 Juni 1985

Torika,

Kwanza kabisa, usimwendeshe. Hata darajani, hata kwenye njia ya miwa, hata mama akiomba kwa sauti kubwa namna gani. Mguu wako hauna udhaifu wowote. Nitakueleza.

Niliposoma mambo ya choki nilikaa chini. Choki humpa injini mafuta mengi zaidi. Kama mafuta mengi yanamtuliza, basi alikuwa anapata upepo mwingi kupita kiasi. Kuna mahali ananyonya upepo kwa siri. Na niliposoma habari ya breki nikajua ni mahali gani, na nikajua ni nani aliyepatoboa.

Ni mimi. Siku mbili kabla sijaondoka Baba mkubwa Sekove alikuja akaniomba mpira mmoja, ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye lile pipa jeusi la breki mbele ya dereva. Aliutaka kwa mashine ya mtumbwi wake. Nilikuwa nimeshafunga begi, Torika, nimejaa baraka za watu, ningewezaje kumwambia hapana? Nikautoa. Mahali pake nikakata kipande cha mpira wa mama wa kumwagilia bustani, nikakifunga na utepe mweusi, nikakisukuma chini kisionekane. Nikasema nitanunua mpya Lautoka kabla ya ndege. Sikununua. Halafu nikaona aibu kukuambia, halafu nikasahau, halafu nikakuandikia kwamba ni uchafu wa kabureta kwa sauti ya profesa.

Mpira wa bustani hauwezi moto wa injini. Hapana shaka umekauka na kupasuka. Upepo unaoingia hapo ndio unaomtetemesha akisimama, na ndio unaoifanya breki kuwa jiwe, kwa sababu lile pipa husaidia mguu pale tu injini inapolinyonya vizuri. Injini inaponyonya upepo wa nje, mguu unabaki peke yake.

Siku ya homa wewe ulisimama barabarani, na mimi nilikuwa nimeutoa mpira kwa ajili ya mtumbwi. Nimelifikiria hilo siku tatu. Nisamehe.

Mwambie Nemani aubane mpira huo kwa koleo injini ikiwa inaunguruma. Ikitulia, ndio huo. Na yale maneno yake ya bunduki, mwambie nimeyapokea.

Eparama


Koroivau
21 Julai 1985

Eparama wangu,

Nimekusamehe nilipofika mstari wa profesa. Mama yako bado, kwa sababu ya mpira wake wa bustani. Mwaka mzima anamsingizia mbwa.

Nemani alikuja jana na Losalini alikuwa macho, maana nilimlaza asubuhi makusudi. Nikasema, "Losalini, mwambie mjomba asikilize huku, chini ya mkono wake wa kushoto." Akasikiliza. Akachukua kikombe, akamwagia maji kidogo pale, na maji yakanyonywa, sssp, kama mtoto anayenyonya embe. Akatafuta koleo, akaubana ule mpira. Vonu akatulia papo hapo. Haikupita hata pumzi moja. Kelele yote ikaisha, ikabaki kama paka anayeota jua. Akaachia koleo, homa ikarudi. Akabana, ikapona. Akafanya hivyo mara tano, nadhani mbili za mwisho zilikuwa za raha tu.

Kisha akautoa nje. Umepasuka urefu wa kidole, umekauka kama ganda la muwa.

"Losalini," akasema, "muulize mama yako, ni mshenzi gani aliyefunga mpira wa bustani kwenye breki za watu?"

Nikaigeukia kamba ya nguo, kwa ajili yako. Nilitaka kusema ni panya.

"Baba," akasema Losalini. Vizuri kabisa, silabi mbili, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Basi nimeambiwa," akasema Nemani.

Dukani Sigatoka wanasema mpira kama ule huagizwa, wiki sita. Tarehe 10 haingoji wiki sita. Nikafikiri usiku kucha, asubuhi baada ya ibada nikavaa sulu yangu nzuri, nikachukua fungu la mizizi ya yaqona tuliyokausha, ile ya kinywaji cha wazee, nikamweka Losalini kiunoni, nikaenda kwa Baba mkubwa Sekove. Nikaketi chini karibu na mlango, nikasukuma yaqona mbele.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kuniletea gari?"

"Nimekuja kufanya kerekere, Baba mkubwa."

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mimi naomba, na wewe unaomba. Haya, unaomba nini?"

"Mpira aliokupa Eparama."

Akaacha kucheka. "Huo uko kwenye mashine ya mtumbwi. Kitu kinachotumika hakiombwi, hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, Baba mkubwa. Lakini mtumbwi wako uko juu ya magogo tangu Pasaka, na kuku wako wanataga ndani yake. Nimepita hapo sasa hivi. Kuna mayai saba."

Akamtazama mkewe. Mke akatazama juu, kwenye paa. "Manane," akasema mke. "Na si mimi niliyeanza kusema."

Eparama, nikasema moyoni nimevuka mpaka, nitarudi nyumbani bila mpira na bila heshima. Kisha akalichukua lile fungu la yaqona, akapiga makofi ya kulipokea, mara tatu, polepole, na likishapokewa hakuna kurudi nyuma. Alikwenda mwenyewe kuukata. Aliporudi akasema, "Mpira ni wako. Gari bado. Siku ya Nadi nitapanda nyuma na kamba ya kuvutia. Likizima hata mara moja, nalifunga hapohapo."

"Karibu sana, Baba mkubwa," nikasema. "Kiti cha nyuma ni laini. Umeshakibonyeza."

Mchana huohuo Nemani aliukata ncha zote mbili, akaupuliza, akaukunja kutafuta nyufa, akauosha kwa sabuni. Anasema utatosha mpaka mpya ufike. Ameufunga kwa klipu mpya na breki sasa inashuka laini kama kukanyaga mkate. Utepe wako mweusi amekuwekea. Anasema ataupigilia ukutani.

Torika


Uwanja wa ndege, Nadi
10 Agosti 1985

Eparama,

Ndege yenu imechelewa, nami nimezoea mno kukuambia mambo kwa karatasi, kwa hiyo nakuandikia hata hii ya kukukabidhi mkononi.

Tulitoka alfajiri. Mama kushoto, na safari hii hakuomba kwa sauti, aliimba. Losalini mapajani kwake. Baba mkubwa nyuma na kamba, kubwa, ya kufungia ng'ombe. Darajani tuliwapisha watu watano. Sikugusa choki. Baba mkubwa akasogea mbele, akatega sikio kati yangu na mama. Vonu akaunguruma tu.

Kisha reli ya miwa. Treni ndefu kuliko zote msimu huu, nadhani walijua tunakuja. Nilihesabu mabehewa arobaini na moja, yote yamejaa, yanatambaa. Baba mkubwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Mimi nimeshika usukani hivyohivyo. Mama akaacha kuimba. Behewa la thelathini mlio ukashuka kidogo, Eparama, kidogo tu. Halafu ukakaa. Ukakaa palepale mpaka behewa la mwisho. Bendera ya mlinzi wa njia ikashushwa, nikatia gia, tukavuka.

Tukaenda mpaka kwenye misonobari. Ndipo Baba mkubwa akasema, "Ndugu yangu angelipenda hili." Baadaye kidogo akasema, "Viti vyake kweli ni laini." Sasa amelala huko nyuma, mdomo wazi, kamba mapajani.

Sijazima. Najua ni kuchezea mafuta. Lakini ulisema siku utakayotua, Vonu akiwa anatembea, ni wetu, nami nataka umkute anaunguruma, mzee asipate hata neno moja la kushika. Hii naiandikia juu ya boneti kama ile ya mwezi wa sita. Tazama mwandiko. Tazama "boneti". Nimeiandika bila kuinua kalamu.

Na binti yako. Amesimama amelishika bampa, siku hizi anasimama mwenyewe, na anafanya brrrrrrrr. Haishii. Anavuta pumzi, anaendelea. Nimengoja ainamishe kichwa, wala hainamishi. Nadhani mwenzangu amebadili imani.

Kurudi nyumbani utakaa kushoto, mama atahamia nyuma kwa shemeji yake na kamba. Utasema umechoka na safari, nami nitasema ndiyo, pumzika, kwa sababu mwenye kuendesha ni mimi, na ukinionyesha klachi iko wapi nitaku

Ngoja, mama anasema milango imefunguliwa. Watu wanapiga kelele kwenye uzio. Baba mkubwa ameamka, kamba imemwanguka, anasema Torika, wewe Torika, unaitwa, husikii, na kweli kuna mtu ananiita, sauti ni yako, na Losalini amegeuza kichwa kuelekea kwenye sauti hiyo, ameliachia bampa, Eparama, ameliachia kwa mikono yote miwili na anakwenda, hatua moja, ya pili, anakuja kwa